Siku Nilivaa Rinda ya Sunday Kupigwa Picha ya Moyo

Asubuhi ya Julai hapa Kamakis, Ruiru, ukimpaka mtu gel ya nywele kabla jua itoke, utatukanwa na mtu hata hakutaka kukutukana. Juzi nilikuwa na mama mmoja kwa kiti, amekuja kulazwa nywele za mbele aende ruracio, sherehe ya mahari, ya binamu yake. Nikafinya chupa, tone moja likamwangukia shingoni, likateleza likaingia ndani ya blauzi. Mama akaruka. "Ngai! We msichana, hiyo umetoa kwa friji?" Nikacheka mpaka kitana ikaanguka. Lakini mkono yangu ilibaki hapo juu imesimama, kwa sababu hiyo baridi naijua. Ilinishuka kifuani nikiwa na miaka tisa, nimelala upande wa kushoto kwa kitanda imefunikwa karatasi, na daktari akiniambia nisiheme kama ng'ombe.

Mtu wa rika yangu akija hapa salon tunapenda kubishana kuhusu vile hii Ruiru ilikuwa. Saa hii ukitoka mlangoni ni moshi ya nyama choma na magorofa ya kukodisha, ukiangalia juu unaona blanketi za watu zikianikwa mpaka mawinguni. Wakati ule ilikuwa kahawa. Kahawa, barabara ya mchanga mwekundu, kahawa tena. Ikitoa maua, yale meupe, harufu yake inaingia mpaka kwa chai. Cucu yangu alikaa huku, mama ya Baba, kwa nyumba ya mabati kando ya hizo kahawa. Sisi tulikaa Thika, Makongeni, kwa nyumba za laini, asubuhi tukinusa kiwanda ya ngozi na jioni tukinusa mananasi ya kuoza sokoni. Hatukuwa na simu. Tulikuwa na kati ya kurushiana mpira, blada ya kuruka na brikicho ya kujificha. Mimi kwa kati sikuwa mkali, lakini kwa kelele hakuna mtu alinifikia. Kama umewahi kucheza na mtoto anagongwa na mpira halafu anaapa mbele ya Mungu hajagongwa, ni mimi.

Sasa lazima niwaambie kuhusu jina, bila hiyo hamtaelewa kitu. Kwetu jina si ya kuchagua. Msichana wa kwanza anaitwa cucu mzaa baba, wa pili anaitwa cucu mzaa mama, wa tatu anaitwa dadake baba. Mimi ni wa tatu. Nikapewa Wambui, jina ya tata yangu, dadake Baba. Na ukipewa jina ya mtu haupewi jina peke yake, unapewa cheo chake. Cucu alikuwa ananiita "kasichana kangu," kama amenizaa. Baba naye alikuwa ananiita dada. Wewe fikiria uko na miaka nane na babako anakuita dada mbele ya watu. Kiburi iliniingia kama maji kwa sponji. Akinituma sukari namwambia, "Kijana, nimechoka, tuma mtoto mwingine." Mama anashika kichwa. Baba anacheka anaenda mwenyewe.

Kitu moja tu ilikuwa imefunikwa. Tata Wambui mwenyewe hakuwepo. Hakuna picha yake kwa ukuta, na ukiuliza alienda wapi unaambiwa, "Kula." Nilijua amekufa, watoto hujua. Na kwa sababu nilijua amekufa, na mimi ndiye nilikuwa na jina yake, niliweka hesabu yangu ya mtoto: tata anaishi ndani yangu. Nilikuwa na ushahidi. Ukiweka mkono kifuani moyo haupigi mara moja, unapiga mbili mbili, du-du, du-du. Moja ni mimi, moja ni tata. Tunatembea pamoja huko ndani, yeye nyuma yangu kidogo. Sikuogopa. Usiku nilikuwa namwambia lala.

Halafu ikafika ile jioni ya brikicho. Nilikuwa nimejificha nyuma ya tangi, nikaona nafasi, nikatoka mbio niguse ukuta kabla mwenye kutafuta anifikie. Katikati ya njia kifua kikanibana, sio kama kuchomwa, kama mtu mnene amekikalia. Nikaona ukuta ukirudi nyuma. Nilipofungua macho kulikuwa na viatu nyingi sana karibu na uso wangu, na sauti ya mama jirani ikisema ni minyoo, ingine ikisema ni njaa, na mtoto fulani akilia, "Lakini nilikuwa nimemshika! Nilikuwa nimemshika kwanza!"

Ilitokea mara ya pili shuleni, tukikimbizwa kuingia darasani. Hapo Mama akasema hakuna minyoo ya kungoja kengele.

Daktari wetu Thika alikuwa mama mmoja mwembamba mwenye mwanya, sauti ya pole pole. Alinibandika vitu kama vifungo, mashine ikachora milima kwa karatasi, akasema milima ni mizuri. Mama akashukuru akaanza kufunga kitambaa tuende. Daktari akasema, "Ngoja kidogo. Huyu mtoto huanguka akiwa amekaa, ama akikimbia?"

"Akikimbia," Mama akasema. "Akikaa ni mdomo tu."

"Na kwa familia, kuna mtu mwingine aliwahi kuanguka akikimbia? Ama kufa ghafla akiwa mdogo?"

Cucu alikuwa amekuja kutoka Ruiru siku hiyo. Baba akamwangalia. Mama akamwangalia Baba. Cucu akaangalia dirisha, akasema, "Hakuna."

Ndio nikalazwa kwa ile kitanda ya karatasi na gel ya baridi ikanishuka, na daktari akaanza kunisukuma kifuani na kitu kama sabuni ya mche, akiangalia televisheni ndogo yenye giza.

"Hiyo ni nini?" nikauliza.

"Ni moyo wako."

"Mbona inakaa samaki ikipumua?"

"Ya kila mtu inakaa hivyo. Hata yangu."

Nikatafuta tata kwa hilo giza. Na wallahi, ukiwa na miaka tisa unaona kile unatafuta. Kulikuwa na kitu nyembamba nyeupe ikifunga na kufungua, ikifunga na kufungua, sasa najua ni mlango wa damu, lakini mimi niliona mkono. Mkono wa mtu ananipungia. Nikainua wangu nikampungia.

"Unapungia nani?" daktari akauliza.

"Hakuna mtu."

Aliendelea kutafuta mpaka gel ikapata joto. Halafu akawaambia wazazi polepole. Moyo wenyewe pia unahitaji damu, na unaletewa na mishipa miwili midogo inatoka kwa mshipa mkubwa, mmoja kulia, mmoja kushoto. Wa kulia anauona. Wa kushoto hauoni pale unafaa kuanzia. "Inaweza kuwa nimeukosa tu," akasema. "Lakini mtoto anaanguka akikimbia, siwezi kusema nimeukosa nikalala. Kuna picha ingine, ya Nairobi, inaonyesha hiyo mishipa yote mpaka mwisho. Nawaandikia. Na mpaka siku hiyo, asikimbie. Si kati, si blada, si P.E. Hata akifukuzwa na mbwa, aongee na mbwa."

Cucu ndiye aliongea kwanza, tukiwa kwa geti. Alisema, "Hiyo jina iishe leo."

Ilikuwa sheria. Kutoka siku hiyo niliitwa Grace. Cucu alichagua Grace kwa sababu kulikuwa na Grace mmoja soko ya Makongeni, mzee kabisa, bado anabeba gunia ya viazi mgongoni na kutukana madereva, hajawahi kuugua hata kikohozi. Cucu alitaka moyo ya huyo. Wambui isitajwe ndani ya nyumba, na mtu akiita Wambui nisiitike, hata akiita mara mia, kwa sababu kile kinaita hiyo jina si mtu. Baba alijaribu kusema, "Mama, hii ni mambo ya hospitali." Cucu akamwuliza, "Wewe ulinizaa?" Ikaisha. Baba ni fundi wa mifereji, anaweza kuingia chini ya barabara kwa maji taka bila kuogopa, lakini mama yake hapana. Mama alikuwa anasema bwanake anaogopa mtu mmoja tu duniani na huyo mtu havai hata viatu.

Nikapelekwa Ruiru kwa Cucu kungoja tarehe ya picha, kwa sababu Makongeni watoto wa ploti wangenikimbiza. Muhula mzima. Hiyo ndio utoto wangu naiona nikifunga macho, hiyo muhula nimekatazwa kukimbia. Nilijifunza vitu za pole pole. Kunyonya ile utamu ya tunda ya kahawa ikiwa nyekundu na kutema mbegu mbali. Kujua nani anapita njiani kwa kusikiliza gumboots zake. Kupanga viazi kwa majivu ya moto. Shuleni huko Ruiru wakati wa P.E. nilikuwa mlinzi wa masweta, nimekaa kwa nyasi na masweta arobaini, nikipiga kelele kama refa. Na Cucu alikuwa na gunzi. Nikipiga hatua tatu za haraka, gunzi ya mahindi inatoka mahali sijui, inanipata mgongoni, halafu sauti: "Grace! Unaharakishia nani?" Alikuwa na shabaha, huyo mwanamke. Nilikuwa nafikiri anaweka magunzi kila mahali kama askari na risasi.

Alitembea polepole sana Cucu. Tukienda kuchuna kahawa ya watu, wenzake wakimaliza walikuwa wanatoka mbio na madebe wawahi laini ya kupimiwa. Yeye hakukimbia. Alifika wa mwisho kila siku na hakuna siku alisema kwa nini.

Tarehe ikafika. Nikaambiwa naenda kupigwa picha ya moyo. Picha! Kwetu picha ilikuwa ya Krismasi, unapelekwa studio, unasimama mbele ya pazia ya maua. Na nilijua hii si yangu peke yangu, ni yangu na tata. Nikavaa rinda ya Sunday, ile ya njano yenye mkanda nyuma. Nikapaka mafuta mpaka magoti ikaanza kung'aa kama jua. Jana yake usiku nilimwambia tata kifuani asifunge macho. Asubuhi nikamezeshwa dawa daktari alitupatia, ya kupunguza mwendo wa moyo ili picha isitoke na ukungu, tukaambiwa inafanya kazi masaa machache, tusichelewe. Tukaenda Nairobi mimi, Baba na Cucu.

Sitasema hospitali gani. Ilikuwa na sakafu inang'aa na benchi ndefu, na watu wengi wamekaa wakiwa wameshika makaratasi kama wanaimba kwaya. Kijana mmoja wa koti nyeupe alikuwa anatoka mlangoni na faili, anaita jina, mtu anainuka anaingia. Akaita wa kwanza, wa pili. Wa tatu akasema:

"Wambui Njuguna."

Hakuna mtu aliinuka. Nilisikia vidole za Cucu zikishika mkanda ya rinda yangu nyuma. Baba akaangalia viatu vyake kama ni mara ya kwanza kuviona.

"Wambui Njuguna? Wambui hayuko?" Kijana akaangalia benchi yote, akaweka hiyo faili chini kabisa ya zingine, akaita mtu mwingine.

Unajua vile mtu mzima anakaa akijua anafanya makosa na hajui atatoka aje? Ndio hivyo Baba alikaa. Shingo ilikuwa inatoa jasho. Tukakaa. Watu wakaingia wakatoka. Saa ya ukutani ilikuwa inatembea, na mimi nilikuwa nasikia ile dawa, moyo unaenda polepole, du... du..., kama Cucu akitoka shamba. Baada ya muda mrefu faili yangu ikapanda juu tena.

"Wambui Njuguna!"

Mama mmoja kando yetu akasema, "Watu wengine hupewa nafasi na hawaji, na hii mashine watu wanaingoja miezi." Baba akafunga macho.

"Mama," akamwambia Cucu kwa sauti ya chini. "Tafadhali. Dawa itaisha nguvu. Wacha mtoto aende."

"Hiyo jina iliniulia mmoja," Cucu akasema.

"Mama, si jina."

"Wewe ulikuwa wapi? Ulikuwa unanyonya."

Kijana wa koti nyeupe akaandika kitu kwa faili. Akasema na sauti ya mwisho, "Wambui Njuguna. Akikosa sasa tunampeleka tarehe ingine."

Nakumbuka nilihesabu vitu zangu. Nikiitika, kile kinaita kinanichukua, Cucu amesema, na Cucu hajawahi kukosa na gunzi. Nisipoitika, tunarudi nyumbani, narudi kuchunga masweta mpaka siku nitasahau nikimbie. Nikamgeukia.

"Cucu, nikiitika nakufa, na nisipoitika nakufa. Wacha basi nikufe nikiwa nimepigwa picha. Nimevaa rinda ya Sunday."

Yule mama wa kando akasema, "Haiya!" Baba alitoa sauti sijui ilikuwa kicheko ama kilio. Cucu aliniangalia. Macho yake yalikuwa na ile maji ya wazee haianguki. Na vidole zikaachilia mkanda, moja, halafu zingine.

"Niko hapa!" nikapiga kelele, ile yangu ya kati. Benchi yote ikageuka.

Kijana alitukuta njiani, akauliza kama tulikuwa hapo wakati huu wote, na Baba akasema tu, "Tusamehe." Mlangoni kulikuwa na karatasi ya maswali. Allergy? Hakuna. Chakula ya mwisho? Jana. Na kwa familia, kuna mtu aliwahi kufa ghafla? Baba akafungua mdomo, lakini sauti ilitoka nyuma yake.

"Kuna mmoja," Cucu akasema. "Aliitwa Wambui. Alikuwa na miaka kumi na tatu. Kifua ilikuwa inamuuma akibeba kitu, nikamwambia ni uvivu. Siku ya kupima kahawa laini ilikuwa ndefu, nikamwambia kimbia na debe ushike nafasi. Alikimbia. Hakufika kwa mizani. Andika."

Kijana akaandika.

Mashine ilikuwa kama donati kubwa nyeupe na kitanda inapita kwa shimo. Wakanitoa rinda, nikanuna, nikapewa gauni ya bluu haina nyuma. Nikabandikwa vifungo, sindano ya mrija ikawekwa kwa mkono, sikulia kwa sababu nilikuwa naangalia wapi kamera iko nitabasamu. Kijana akaniambia, "Dawa ikiingia utasikia joto mwili yote. Utafikiri umejikojolea. Hujajikojolea. Usishtuke, usitingike." Mashine ikaongea yenyewe, sauti ya mzungu, ikasema nivute pumzi nishikilie. Nikavuta. Joto ikaingia shingoni, ikashuka tumboni, ikashuka huko chini, na mimi nikajua, mimi nimejikojolea mbele ya tata, na picha ndio inapigwa sasa. Nilitabasamu tu. Sijawahi kutabasamu kwa nguvu hivyo tena maishani, hata siku ya harusi ya dadangu.

Mara ingine tulikaa kwa ofisi ya daktari wa moyo hapo Nairobi, mzee mpole wa miwani, na moyo wangu ukawa kwa kompyuta, rangi nyekundu, unazunguka kama kuku wa kuchomwa kwa mashine ya umeme. Haukuwa na giza kama ule wa Thika. Ulikuwa na mishipa juu yake kama mizizi imeshika jiwe. Nikauangalia mbele, nikauangalia nyuma.

"Tata yuko wapi?" nikauliza.

"Nani?" daktari akasema.

Baba akamwambia kwa sauti ya chini. Daktari hakucheka. Aliuzungusha tena polepole, pande zote, niangalie mpaka nitosheke. "Huku uko wewe peke yako," akaniambia. "Yote ni yako."

Mtu angefikiri nilifurahi. Nilisikia upweke bana. Miaka yote nilikuwa na mtu.

Halafu akaonyesha na kalamu. Mshipa wa kushoto haukuwa umekosekana. Umetokea upande wa kulia, kando ya mwenzake, halafu ukapita katikati ya mishipa miwili mikubwa kwenda kwao kushoto. Nikikaa, hakuna shida. Nikikimbia, hiyo mikubwa inafura, inaubana, moyo unakosa damu. Mama yangu angeuliza maswali mia. Baba alisogeza kiti karibu na kompyuta, akakunja mikono, akawa fundi wa mifereji kazini.

"Kwa hivyo line imetolewa upande mbaya."

"Ndio."

"Ikapitishwa katikati ya main mbili."

"Kabisa."

"Na hapa mwanzo, mbona imekuwa flat hivi?"

Daktari akamwangalia vizuri. "Hapo inapita ndani ya ukuta wa mshipa mkubwa."

"Concealed," Baba akasema, akatikisa kichwa. "Paipu ya kufichwa ukutani huwa shida. Sasa tunakata tunaunganisha mpya?"

"Hatukati. Tunaingia ndani, tunafungua hiyo sehemu iko kwa ukuta, inapata mdomo mpana pale inafaa. Unaona vile picha inatuonyesha imepita urefu gani? Bila hiyo tungeingia tukipapasa."

"Hiyo nimeelewa," Baba akasema. Tukitoka nje alikaa kwa ngazi akalia kama mtoto, na mimi dadake nikamshika bega nikamwambia, "Kijana, tulia."

Cucu alikuwa ameuliza kitu kimoja tu mle ndani. Aliuliza, "Uvivu unaonekana kwa hii picha?" Daktari akasema hapana, mama, hauonekani, hakuna.

Ya upasuaji sina mengi, nililala. Najua niliamka nikiwa na kiu na Mama akiwa ameshika mguu wangu badala ya mkono, sijui kwa nini mguu. Nikapata zipu yangu, hii kovu iko hapa katikati ya kifua, bado naificha na bado naringa nayo. Shuleni nilikuwa naionyesha kwa bei ya mabuyu mbili. Dada zangu na Baba pia wakalazwa kwa ile kitanda ya karatasi Thika wakapakwa gel, wote wakapatikana mishipa yao imetoka pande zake, na dada yangu mkubwa akakasirika kidogo ati mimi ndio napata vitu special. Na mimi nikarudi kuchunga masweta miezi mingine mingi, mpaka nikapigwa picha tena, na nikakimbizwa kwa mkanda wa mashine nikiwa na nyaya kifuani na daktari watatu wakiniangalia kama mpira wa fainali. Mzee wa miwani akasema sasa niende nikacheze.

Sports day ilikuwa kwa uwanja ya shule yetu Makongeni. Nilijiandikisha mita mia. Wote walikuja. Mama alikaa na leso kwa macho tayari. Baba alisimama kwa kamba, mikono kwa mifuko, na alikuwa amevaa suti, sijui kwa nini. Cucu alikuja kutoka Ruiru na viatu, viatu! Mimi kwa kichwa yangu nilikuwa najua kitu moja: kama nimekatazwa kukimbia kwa hii nguvu yote, basi ndani yangu kuna champion ya dunia amefungiwa.

Filimbi ikalia.

Mwenzangu, sikuwa champion. Miguu ilikuwa inarushwa kila upande kama ndama amezaliwa jana. Wote wakanipita, hata kale kasichana kamoja alikuwa amevaa ndara. Lakini hewa ilikuwa inaingia. Ilikuwa inaingia mpaka chini, kifua hakuna mtu amekikalia, moyo unapiga kelele yake yote masikioni, na mimi peke yangu huko ndani, na sikuwa mpweke. Nilicheka nikikimbia, na hiyo ilinipunguzia spidi zaidi. Nilipofika kwa kamba, kamba ilishatolewa. Aliyeshinda alikuwa anakunywa maji.

Ndio nikasikia ngemi, vigelegele vya kwetu. Kwetu msichana akizaliwa anapigiwa ngemi tatu. Cucu alipita tatu, akapita tano za mvulana, akaendelea, ametupa mikono juu katikati ya uwanja, uwanja wote unamwangalia. Mwalimu wa michezo, kijana mzuri mwenye heshima, akamwendea akainama kwa sikio lake.

"Cucu, pole. Huyo wako ndiye wa mwisho."

Cucu alimeza pumzi. Akamwangalia kutoka juu mpaka kwa filimbi.

"Mwalimu," akamwambia, "wa mwisho ni ule hakufika."